Dirisha la Chumba cha Baba Yako

Chang'ombe, Temeke,
Dar es Salaam.
2 Novemba, 1975.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Benedikto,

Huna haya. Naanza hivyo makusudi, ili salamu zikukute umeshainamisha kichwa. Masika mbili zimepita hujakanyaga hapa. Treni ipo, meli ya ziwani ipo, miguu unayo. Watu wanatoka huko Bukoba na mikungu yao ya ndizi, wanafika Dar, wanarudi. Wewe mwalimu mzima unashindwa na nini? Hata mbwa aliyefukuzwa hurudi kunusa mlango, na wewe hakuna aliyekufukuza.

Haya, marahaba. Shikamoo yako ya kwenye barua nimeipokea. Hujambo? Mke mwenzangu Kokushubila hajambo, na hilo tumbo lake? Miguu haimvimbi? Mwambie asinyanyue ndoo, na wewe usijifanye hujui njia ya kisimani.

Sie hatujambo, kwa kadiri watu wa nyumba hii wanavyoweza kuwa hawajambo. Mama yako Adelina anakohoa kidogo, lakini sauti ya kunigombeza anayo. Mie magoti yananiuma, macho bado yanatunga uzi. Barua hii naiandika mwenyewe kwa mkono wangu wa ngumbaru, kwa hiyo ukikuta herufi zimelala, ziinue usome. Maneno haya sikutaka mtu anishikie kalamu.

Leo ni siku ya Marehemu Wote. Nimetoka misa, padri kasoma majina. Alipolitaja la baba yako Albano, watu wakaitikia apumzike kwa amani. Mie nilinyamaza. Sisemi uongo kanisani.

Nikupe kwanza habari za nyumba. Baba yako aliijenga mwaka wa Uhuru. Ramani alikuwa akiwachorea watu huko kazini kwake, akaapa kwamba na mama yake atakaa nyumba ya kisasa. Paa la zege, bapa kama meza. Ukuta wa mbele wa matofali ya matundu, upepo uingie na jua libaki nje. Madirisha ya luva, vile vioo vya kulaza na kusimamisha, na sakafu ya teraso, changarawe iliyosuguliwa ikang'aa. Mwajabu wa nyumba ya pili alikuwa kila akipita anauliza, "Mama Albano, nyumba yenu itavaa kofia lini?" Mwisho wakazoea.

Tangu afariki, nyumba ikawa inaoza mdogo mdogo. Vuli ya mwaka jana maji yalitoboa paa, kipande cha plasta kikaangukia meza ya chakula. Bahati tulikuwa tumeshakula. Baba yako mdogo Fransis akaja na dawa yake: tuezeke bati juu, tuzibe matundu, sebule tuigawe vyumba viwili. Nikamwambia, "Fransis, hilo unalolitaka ni banda, kalijenge kwako." Akanuna mpaka Pasaka.

Aliyekuja kuitengeneza ni Fakihi. Naam, Fakihi yule yule. Usiikunje barua, endelea kusoma.

Mzee huyu ndiye aliyelimwaga zege la paa hili pamoja na baba yako. Aliposikia linavuja alikuja bila kuitwa, ngazi begani, akasimama mlangoni akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Wangoni! Mikuki mlikuja nayo, ngazi je? Mnataka kufa maji ndani ya nyumba kama panya?"

Nikamjibu, "Panda juu, Myao wee! Babu yako tulimkimbiza hivi hivi akakwea mti."

"Alikwea kuwatafutia matunda, maana mlikuja na njaa!"

Mama yako akacheka mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Kazi amefanya, mume wangu. Amelikwangua paa lote, kaufungua mdomo wa maji uliozibwa na majani, kaziba nyufa, kapaka lami. Saruji ilikuwa ya kungojea kibali, tukawa tunaipata mfuko mmoja mmoja. Ile rangi nyekundu niliyoipaka sakafuni kwa ujinga wangu, kaisugua kwa jiwe na maji mpaka changarawe nyeusi na nyeupe zimerudi, utadhani kunde zimemwagika. Matofali ya matundu yaliyovunjika kayafyatua upya kwa kalibu ya baba yako, niliyokuwa nimeiweka chini ya kitanda. Ukiiona kutoka barabarani utasema ndiyo kwanza imejengwa.

Shida ndipo ilipoanzia. Nyumba imerudi kama ilivyokuwa, na mwenyewe kajitokeza. Au niseme hakuwa ameondoka.

Unakumbuka alivyokuwaga akipita akigonga kuta kwa kifundo cha kidole, asikie kama plasta imeachana na tofali? Ngo, ngo, kisha anatega sikio. Fakihi naye anafanya vile vile, ndiyo kazi yao. Siku moja mwanzoni mwa mwezi uliopita, baada ya chakula cha mchana, alikuwa sebuleni anaugonga ukuta unaopakana na chumba cha baba yako. Mie nipo mkekani, nachambua mchele. Akagonga. Akatega sikio. Upande wa pili ukajibu. Ngo, ngo.

Nilidhani ni mama yako. Mama yako akatokea jikoni na upawa mkononi, anauliza, "Nani yuko chumbani?"

Fakihi akauweka mwiko wake chini, akasema taratibu, kama mtu anayesema na mwenzake wa kazi, "Albano, nimekusikia. Fundi mmoja anatosha." Akatoka nje bila kuvaa viatu.

Nilikifungua chumba mwenyewe. Hamna mtu. Dirisha wazi kama lilivyo siku zote, na sakafu imelowa. Mvua haikunyesha siku ile, Benedikto. Wala umande hautui mchana.

Tangu hapo hakuna siku tusiyomsikia. Mama yako alishahamia kulala sebuleni zamani, anasema ni kwa ajili ya joto. Nami nilimwachia joto lake. Lakini chakula cha jioni anapakua sahani tatu, na sie tuko wawili. Simuulizi. Ile ya tatu naila mie akigeuka, asije akaikuta imebaki akaumia. Ndiyo maana nimenenepa.

Sasa nikwambie sababu, maana wewe hukuwahi kuambiwa. Tulikupeleka masomoni mdogo, kosa lingine ni letu. Myao kwa Mngoni ni mtani. Msibani mtani haji kulia. Anakuja kumcheka marehemu, kumwiga mwendo, kulala kaburini akatae kutoka, kunyakua kitu chake na kudai kuku. Wafiwa wanamtukana, wanacheka huku machozi yanawatoka, wanatoa kuku, kitu kinarudi. Hapo ndipo marehemu anapojua shughuli yake imekwisha, akajilalia.

Siku ya kumzika baba yako, Fakihi aling'oa mkono wa luva, kile chuma kinachofungia vioo vya dirisha la chumba chake. Akakiinua juu: "Nyumba hii haifumbi jicho mpaka mnipe jogoo!" Watu wakacheka. Wewe umetoka chuo cha ualimu na shati lako jeupe, ukamrukia. Ukampiga mdomoni, jino likadondoka. "Unamdhihaki baba yangu!" Mtani hapigwi, mjukuu wangu. Akajifuta damu, akakitia kile chuma mfukoni, akaenda zake. Kesho yake wewe ukapanda treni, hata arobaini hukungoja.

Dirisha lile halijafunga mpaka leo. Nimeligongomelea mbao, naikuta sakafuni. Nilimpelekea Fakihi jogoo mie mwenyewe. Akamtazama, akanirudishia. "Mama Albano, wewe hukunipiga. Kuku wa aliyepiga huletwa na aliyepiga." Hana kinyongo, nakuapia. Pengo lake analionyesha watu kwa majivuno, anasema Wangoni walimpunguzia mzigo wa kutafuna. Ila chuma hakitoi, na akikitoa kwa mtu mwingine hakitafaa kitu.

Nije kwenye barua yako. Unasema mtoto akiwa wa kiume unataka aitwe Albano. Nililia, sikufichi. Lakini jibu langu ni hapana. Jina la mtu ambaye hajalala haliwekwi juu ya mtoto. Ukimwita Albano huko Bukoba, huku ataitika nani? Nilimwona mmoja kwetu Peramiho aliyepewa jina hivyo. Alikuwa akilala macho wazi, akikalishwa anatazama mlango, mpaka wakubwa wakaogopa kumbeba. Sitaki mwanao agonge kuta kabla hajajua kutambaa.

Na usije ukasema utakuja mwakani. Fakihi anarudi Tunduru baada ya Idi ya kuchinja. Wanawe wamehamia kijiji kipya huko, wamemwita akapumzike, kifua chake si kizuri. Akiondoka na kile chuma, akafa nacho, hatutakuwa na wa kumpa jogoo. Na mtoto umesema ni wa Krismasi. Hesabu mwenyewe, mwalimu.

Ukidhani ni maneno ya mwanamke mzee ambaye hakuona darasa, sawa, dhani hivyo. Lakini dhania hapa, ukiwa umekaa kwenye hiki kiti changu, mchana, ukuta nyuma yako. Mie simwogopi mwanangu. Nilimzaa, nilimfunga kitovu. Kinachoniuma ni kwamba amechoka. Anavyogonga siku hizi si kama fundi anayekagua, ni kama mtu aliyefungiwa nje.

Msalimie sana mke mwenzangu Kokushubila, mwambie namwonea wivu kwa ajili yako ila namwombea uzazi mwepesi. Wasalimie wakwe zetu, mzee Theonest na mkewe. Baba yako mdogo Fransis anakusalimu, kununa kumemwisha, siku hizi anawaonyesha wageni paa kana kwamba alilimwaga yeye. Mwajabu anakusalimu, anauliza kama huko nyumba zina kofia. Mama yako aliigusa tu karatasi hii, akaenda jikoni.

Mungu akufunike kama kuku anavyofunika vifaranga, na akuchokonoe kama anavyowachokonoa wanaolala.

Ni mie bibi yako akupendaye hata akikutukana,
Eufrazia.

Nimesahau hili, nalo ndilo kubwa. Ukija, usiingie kwa mlango wa mbele. Pitia uani, utamkuta jogoo mweusi nimemfunga kamba mguuni, anaula mchele wangu kwa kukusubiri. Mpeleke kwa Fakihi kwa mikono yako. Usimwombe radhi kwa Kiswahili cha shule. Mtukane. Mwambie alikuwa na meno mengi mno kwa Myao mmoja. Atacheka, atakupa chuma. Ukishakipata, ingia chumbani kwa baba yako peke yako, ukirudishe mahali pake, ulifunge dirisha taratibu. Ukuta ukigongwa, usikimbie wala usiseme kitu. Ugonge na wewe, mara moja tu, kama fundi aliyekuta plasta imeshika. Kisha utoke, uje mezani, ukae kwenye ile sahani ya tatu.

Uje na njaa.