Mkamburi, Picha Zako Tumezipanga

Mwanangu Mkamburi,

Mara mbili nimeanza kukuandikia nikachana karatasi, maana ugomvi ulikuwa unatangulia salamu. Sasa acha utangulie tu. Umeniachia kazi ambayo sikuisomea. Mimi niliishia darasa la nne, hilo unalijua, na sijawahi kulionea haya.

Umekwenda ukaacha simu mbili na kompyuta moja, zote zimejaa picha. Maelfu, anasema mwanao Wakio, na zimelala ovyo kama maharagwe yaliyomwagika: harusi za watu juu ya mahindi yangu, ubatizo juu ya mbuzi wa jirani. Mwezi ujao tunaweka msalaba kwenye kaburi lako, na wazee wa kanisa wanataka picha yako. Tukatafuta, tukakukosa. Kila sherehe ya Mbololo hii ulipiga wewe. Nani angekupiga wewe?

Nakumbuka Jumamosi zako, umepanda kutoka Voi, hata chai hujanywa, simu iko juu. Nilikuambia, "Weka hicho kitu chini ushike jembe. Picha hailiwi." Ukacheka. "Mama, wewe utakuja kunishukuru." Sikukushukuru. Na siku ile ulipotaka tupigwe sote wawili, mimi natoka shambani, matope hadi magotini, nikakataa. Nilisema siwezi kuonekana na watu nikiwa hivyo. Ukasema, "Basi Jumamosi ijayo. Ujipambe."

Jumamosi hiyo nilivaa gauni la kanisani tangu asubuhi. Hukuja. Ulikuwa umelazwa, na hukutoka tena hospitalini.

Wakio akaniambia kuna programu za kupanga picha, tuchague moja. Nikamuuliza albamu imekosa nini. Akanitazama vile ulivyokuwa ukinitazama.

Ya kwanza ilitaka picha zote zipande mtandaoni. Huku kwetu mtandao unaupata ukisimama juu ya ule mwamba nyuma ya choo. Nikamwambia, "Mamako hatapandishwa picha mojamoja kutoka nyuma ya choo."

Ya pili inajifanya msafi. Inakusanya picha zilizotikisika, zenye giza, zinazofanana, halafu inauliza kama izifute zote mara moja. Wakio alikuwa amekaribia kukubali. Nikamshika mkono.

"Bibi, hizi ni mbovu."

"Mbovu kwa nani? Fungua nizione."

"Zote? Tutamaliza lini?"

"Kwani una mgonjwa nyumbani? Fungua."

Tulikaa nazo siku tatu. Na huko kwenye takataka ndiko ulikokuwa, mwanangu. Kivuli chako juu ya gunia la njegere. Kidole chako kimeziba nusu ya mchungaji. Uso wako kwenye kioo cha dirisha la duka, kidogo kama ukucha. Na moja ambayo simu ilikugeukia bila wewe kujua: nusu ya uso wako unacheka, umefifia kama umetiwa moshi, na nyuma yako mtu ameinama anapalilia. Mtu huyo ni mimi. Matope yote yanaonekana.

Nilikosea siku ile. Sijamwambia mtu, nakuambia wewe. Nilidhani picha ni ya kuonyesha watu, kumbe ulitaka tu tuwe mahali pamoja.

Kwa hiyo tumechagua ya tatu. Haina haraka na haifuti kitu bila kuagizwa. Picha zinakaa humuhumu ndani ya kompyuta, na nakala kwenye kidude ambacho nimekifungia kabatini. Inapanga watu kwa nyuso zao na kuuliza majina. Wazee wa kanisa watatumia ile ya kitambulisho chako, iliyonyooka. Sikubishana nao.

Lakini kwa picha ile yetu programu ilishindwa. Ikasema hakuna mtu hapo. Wakio akanionyesha pa kuandika, nikaandika mwenyewe kwa kidole kimoja: Mkamburi. Ilinichukua muda. Kisha akauliza, "Na huyu wa nyuma, niandike Bibi?"

Nikamwambia hapana. Andika Mama.

Pumzika, mwanangu. Wakio anakula vizuri, na ananibishia kila siku.

Ni mimi,
Mamako