Alama Niliyoifunika Shingoni mwa Shariff Mbaruku

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Nakuru. Alhamisi, tarehe 16 Agosti 1956, saa nne asubuhi.

Jina: Hemed bin Athumani.
Umri: Miaka arobaini na tisa, kwa hesabu ya marehemu mama.
Kazi: Fundi cherehani. Pia ni mwosha maiti wa kiume katika msikiti wetu.
Makao: Bondeni, Nakuru.
Elimu: Chuo cha Kurani, na darasa la tatu.

Mimi niliyetajwa hapo juu nasema haya mbele ya Sajini Kiptanui. Sikuletwa na askari. Nimekuja kwa miguu yangu, na naomba hilo liandikwe, kwa sababu mtaani watasema nilikamatwa nikatapika maneno.

Marehemu Shariff Mbaruku nilimfahamu tangu utotoni mwake. Kanzu yake ya kwanza nilimshonea mimi. Alikuwa mchezaji wa michezo ya kuchekesha katika redio, yeye na mwenzake Kang'ethe, ambaye ni seremala hapa mjini. Katika mchezo Kang'ethe alikuwa mume, na Shariff alikuwa mke mgomvi, bibi kizee aitwaye Mama Kelele. Ilipofika saa yao Bondeni nzima ilinyamaza. Mwisho wa mwezi walikwenda kuwachezea vibarua katika mashamba ya ngano kule Mau Narok. Hata wewe Sajini uliwacheka, usiniambie hukucheka.

Tangu mvua za Aprili sauti ya Shariff ilianza kukwaruza, kisha ikawa mnong'ono. Daktari alimwambia ni uvimbe kooni, na kwamba sauti haitarudi. Hayo aliniambia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kibao cha kibaraza changu. Nilimwambia Mungu hamwachi mja wake.

Mnamo tarehe 11 Agosti, siku ya Jumamosi, saa kumi na moja jioni, nilikuwa nakunywa kahawa katika hoteli ya Bi Kinsi, mama wa Kisomali. Shariff na Kang'ethe walikuwa meza ya pili kutoka kwangu, na birika moja ya chai katikati yao. Aliyewamiminia ni Bi Kinsi kwa mkono wake. Nasema hivyo kwa sababu sasa watu wanasema habari ya sumu. Kang'ethe alikuwa ametoka Nairobi siku hiyo hiyo, na watu wa redio walikuwa wamemwambia atafute mke mwingine wa mchezo.

Kijana mmoja mchukuzi alipiga kelele kutoka mlangoni, "Mama Kelele! Leo mzee amekushinda mdomo?" Watu wakacheka. Shariff alifungua mdomo amjibu kama siku zote, ikatoka sauti kama upepo unaopita chini ya mlango. Wakacheka zaidi. Walidhani ndio mchezo wenyewe.

Kang'ethe akamwambia, "Nimewaambia, bila Shariff mimi sirudi huko."

Shariff akasema kwa mnong'ono wake, "Nani amekuomba sadaka, wewe?"

"Si sadaka, ndugu yangu. Hiyo kazi ni yetu wawili."

Hapo Shariff akamrushia kikombe cha chai kifuani. Kang'ethe alisimama akajifuta shati. Hakuinua mkono. Alisema, "Hata ukinimwagia birika yote, kesho nakuja kwenu."

Shariff akamjibu, "Usije." Kang'ethe akaondoka, kwa maana siku hizi za Hali ya Hatari Wakikuyu wana saa yao ya kuwa ndani. Shariff alibaki, akamwomba Bi Kinsi msamaha kwa kikombe, akaenda kwao. Alipopita mezani kwangu alinisalimu vizuri, nami nikamjibu nikaendelea na kahawa yangu.

Mnamo tarehe 12 Agosti, Jumapili, kama saa moja asubuhi, baba yake, Mzee Mbaruku, alinijia nyumbani. Alisema, "Hemed, njoo na vyombo vyako. Shariff ametutoka. Kifua." Nilisema inna lillahi, nikachukua kafuri, pamba, majani ya mkunazi na kitambaa changu cha sanda, nikamfuata.

Kwa desturi yetu tunakuwa watatu: mmoja anaosha, mmoja anamwaga maji, mmoja anamgeuza maiti. Siku hiyo Mzee Mbaruku aliwatoa vijana wote chumbani na kusema atamwaga maji yeye mwenyewe. Nikadhani ni uchungu wa mzazi. Lakini nilipomtazama maiti, niliona kile kitambaa cha kumfungia taya kimezungushwa mpaka shingoni. Sivyo tunavyofunga. Taya hufungwa kutoka chini ya kidevu hadi utosini, basi.

Nilikifungua. Chini ya kidevu kulikuwa na alama nyeusi yenye wekundu pembeni, upana wake kama kidole changu hiki, imepanda nyuma ya masikio yote mawili. Maana yake kitabibu siijui. Nasema nilivyoona.

Nilisema, "Mzee, hiki si kifua."

Akasema, "Osha, Hemed."

"Mzee Mbaruku."

"Nilimkuta kwenye boriti ya jikoni. Nimemkata mwenyewe. Mama yake alikuwa bado kwenye mswala. Osha, bwana, maji yanapoa."

Nikaosha. Mzee alimwaga maji mengi sakafuni. Nilipofika shingoni nilipitisha mkono polepole kuliko mahali pengine, ingawa najua maiti haumii. Nikaweka pamba yenye kafuri juu ya ile alama, nikavuta sanda mpaka ikafunika. Mzee aliniambia, "Wakijua, kuna watakaokataa kumswalia. Watasema tumembeba mtu wa motoni." Nikamwambia, "Hawatajua kwangu."

Naomba Sajini uelewe neno hili. Sisi waosha maiti tumefundishwa kwamba aibu utakayoiona kwenye mwili wa marehemu haivuki kizingiti cha chumba kile. Nimeosha watu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimeona mengi, na hata mke wangu hajapata kusikia moja. Bila hivyo nani angetukabidhi watu wao?

Tulimzika Jumapili hiyo hiyo baada ya sala ya adhuhuri. Watu walijaa, Waislamu na Wakristo. Kang'ethe alisimama nje ya ukuta wa makaburi, kofia mkononi, mpaka tukamaliza. Mimi mwenyewe nilimpa mkono.

Jana, Jumatano tarehe 15, kama saa tano asubuhi, alikuja kibarazani kwangu mama mmoja Mkikuyu anayeuza viazi sokoni, jina lake Wamuyu, mama mzazi wa Kang'ethe. Ndipo niliposikia kwamba mwanawe amekamatwa kwa kumuua Shariff kwa sumu, kwamba watu wa hotelini wameeleza ule ugomvi, na kwamba kesi ya Mkikuyu siku hizi haichukui muda.

Aliniuliza, "Wewe ndio ulimuosha huyo kijana?"

"Ni mimi, mama."

"Kulikuwa na sumu kwa mwili yake?"

Nikamwambia, "Mama, ya maiti mimi siyasemi."

Akasema, "Sawa, mzee. Huyo mmemfunika vizuri. Kijana yangu ndio mnamvua nguo, na yeye ako hai."

Hakupiga kelele wala hakunitukana. Alikaa chini kwenye kibaraza akiwa na gunia lake tupu mpaka alasiri. Nilishona mkono wa koti la mteja nje ndani, nikaufumua, nikaushona vile vile tena. Alipoondoka hakuniaga.

Baada ya magharibi nilikwenda kwa Mzee Mbaruku. Tulisimama uani ili mkewe asisikie. Nilimwambia, "Mzee, wana mtu ndani. Twende wote, wewe useme, mimi niunge mkono."

Akasema, "Siendi. Na ukienda wewe, nitasema umeona vibaya. Nitaapa."

"Utaapa kwa msahafu, Mzee?"

Akasema, "Hemed, watamfukua. Mama yake kila anayekuja anamwambia kwamba mwanawe alikufa alfajiri, saa ya kheri, Mungu alimpenda. Hana kingine anachokula. Ukimnyang'anya hilo abaki na nini?"

"Na mama yake Kang'ethe?"

"Huyo ana watoto wengine."

Alipokwisha kusema hivyo alijifunika uso kwa kilemba chake, nami nikamwacha. Si mtu mbaya, Sajini. Tumeswali safu moja tangu nije mji huu. Sitaki aandikwe kama mtu mbaya.

Nimeomba Mungu anionyeshe njia na sikuonyeshwa kitu. Nikisema, nimemvua maiti aliyeniamini akiwa hawezi kujifunika. Nikinyamaza, Kang'ethe atanyongwa kwa kosa la kumpenda mwenzake. Huko mbele nitaulizwa na wote wawili. Nimekuja hapa kwa kuwa Kang'ethe bado anapumua, basi.

Sajini ameniuliza kama kuna mwingine aliyeiona ile alama. Hakuna, ila baba mtu. Ameniuliza kamba iko wapi. Mzee aliniambia aliichoma. Sajini amenieleza kwamba maneno ya mtu mmoja hayatoshi kumtoa mshtakiwa, kwamba ni lazima mwili utazamwe na daktari, na ameniuliza kama nitaweza kuwaonyesha kaburi. Nitawaonyesha. Nilishuka mimi ndani ya mwanandani kumlaza, nalijua.

Naomba jambo moja. Siku hiyo msimpe mgeni kufungua sanda. Niiteni mimi niifungue, na daktari akishatazama, niifunge mimi.

Niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio ndiyo haya. Nimesomewa kwa Kiswahili, nimeyaelewa, na sikuahidiwa kitu wala kutishwa.

(Sahihi) Hemed bin Athumani

*Maandishi ya afisa:* Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Kiptanui, kuanzia saa nne hadi saa sita kasorobo, na kumsomea shahidi. Nilipofika penye maneno juu ya alama ya shingoni, shahidi aliniomba niyafute na kuandika tu kwamba Kang'ethe hana hatia. Nilimjibu kwamba siwezi. Akauliza kama maelezo haya yatasomwa kwa sauti mahakamani. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama wanawake, na mama wa marehemu akiwamo, huruhusiwa kuingia kusikiliza. Nikamwambia ndiyo. Akatia sahihi.