Moshi wa Arobaini ya Baba

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, joto, na upepo hakuna kabisa. Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali na simu ina chaji kidogo, kwa hiyo leo sitazunguka sana.

Mama amelazwa. Anapumua, alhamdulillahi, lakini kwa msaada wa oksijeni.

Mnaonisoma hapa mnajua kazi ninayofanya siku hizi. Natafsiri ripoti ndefu kuhusu gesi joto zinazotokana na vifungashio vya chakula katika nchi zote za Afrika Mashariki na Kusini. Inaeleza plastiki inavyotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, inavyosafirishwa, inavyofunga maziwa na biskuti na chipsi, halafu inavyoishia jalalani au motoni. Kila hatua inatoa gesi, na gesi hizo zinaongeza joto la dunia. Nimekaa nayo mpaka sasa siwezi kununua mkate bila kuuchunguza mfuko wake. Nyumbani wananicheka, wananiita Bibi Mazingira.

Jana ilikuwa arobaini ya baba. Kwetu Dunda chakula cha hitma huliwa kwenye sinia. Watu wanne watano wanaizunguka sinia moja, wakimaliza zinaoshwa na kurudishwa msikitini zilikoazimwa. Safari hii kaka yangu Idi, anayeishi Mapinga, aliagiza vile vibweta vyeupe vya povu ambavyo kila mtu anaviita tekawei. Sababu alikuwa nazo. Maji yalikuwa yamekatika, na wageni wengi walitoka Dar, wanataka kuondoka mapema na pilau yao mkononi.

Nilibisha kidogo. Shangazi, dada yake baba, akaniambia, "Mwanangu, leo ni siku ya baba yako, si siku ya ripoti yako." Alisema kweli, na mimi mwenyewe sikuwa na hamu ya kuosha sinia kwa maji ya ndoo.

Watu walipokwisha kula, uwanja ulijaa vibweta, chupa za maji, vijiko na nailoni. Jirani yetu Bi Saumu akaja na wanawake wenzake, mafagio mkononi. Tangu baba afariki hajakosa kuja hata siku moja. Kwetu wafiwa hawaachiwi taka uwanjani, na gari la taka halifiki uchochoro wetu. Wakafagia, wakazikusanya zote kwenye kona ya nyuma, wakamwagia mafuta ya taa, wakawasha. Ilikuwa ni wema, na sitaki mtu asome hapa akadhani vingine.

Kona ile iko chini ya dirisha la mama.

Mama ana pumu tangu ujana wake. Tena yuko eda, hatoki, na wanaume wasio maharimu zake hawaonani naye. Mimi nilikuwa mbele naaga wageni, nikauona moshi mweusi umesimama juu ya paa, nikadhani wanachoma huko kwa jirani. Mtu mwingine angekimbilia nje. Mama alifunga dirisha, akavuta dawa yake ya pumu, akakaa kitandani. Kutoka kulimaanisha kupita barazani katikati ya wanaume waliokuja hitma. Kuita kulimaanisha Bi Saumu ajue kwamba wema wake unamdhuru. Kwa hiyo hakutoka na hakuita.

Shangazi ndiye aliyemkuta, midomo imebadilika rangi, hawezi kusema. Tulipombeba alishika fremu ya mlango, akawa anatikisa kichwa. Sijawahi kuona kitu kilichoniuma kama vile vidole. Shangazi akavibandua kimoja kimoja. "Wifi, hii ni dharura. Mungu anajua." Tukamfunika shuka na kumtia kwenye bajaji.

Hapa hospitali daktari aliuliza kama kuna moshi nyumbani. Mama alinitazama juu ya barakoa ya oksijeni. Shangazi akajibu, "Ni huzuni, daktari. Kafiwa na mume." Nikamfuata daktari nje nikamweleza ukweli. Akasema mapafu yake hayawezi kustahimili tena moshi wa namna ile, na kwamba jana kidogo tu tungechelewa.

Kidogo tu.

Asubuhi hii mama ameruhusiwa kuvua barakoa kwa muda. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, halafu akanivuta karibu. "Usije ukamwambia Saumu kuwa ni moshi. Mwambie presha, mwambie huzuni. Wale wametusitiri, tusiwatie aibu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Tangu hapo nina hasira na sijui niipeleke wapi. Bi Saumu siwezi kumkasirikia, ametupikia uji siku ambazo hakuna kati yetu aliyeweza kuwasha jiko. Idi ameshajilaumu vya kutosha, yuko pale getini hataki kuingia. Labda naikasirikia ripoti. Ina aya fupi kuhusu taka zinazochomwa hadharani, niliitafsiri juzi nikafurahia jinsi sentensi zilivyokaa. Imejumlisha moshi wa nchi zote hizo, lakini ndani yake hakuna dirisha wala mtu nyuma ya dirisha.

Sasa hivi umeingia ujumbe wa Bi Saumu. Adhuhuri watakuja kumwona mgonjwa na chakula wanaleta. Anasema tusiwe na wasiwasi na nyumba, asubuhi amepita na wenzake wakachoma taka zilizobaki.

Nimeusoma ujumbe huo mpaka simu ikanizimikia mwanga. Mama akiruhusiwa atarudi chumba kile kile, na miezi ya eda bado anayo. Ataingia, ataufunga mlango, na moshi ukija atanyamaza kwa adabu mpaka mwisho.

Nitamsubiri Bi Saumu hapa kwenye benchi, kabla hajaingia wodini, nimwambie. Huenda akalia. Huenda asikanyage tena kwetu, na mama atajua ni mimi, na sidhani kama atanisamehe upesi.

Na anikasirikie. Mradi anapumua.