Boti Haipo Gereji, na Haijaibiwa

Baba watoto,

Boti haipo gereji. Haijaibiwa, nimeichukua mimi. Chai iko kwenye chupa. Ukitoka, ufunguo uache chini ya ndoo, binti yako anarudi saa nane.

Asubuhi nilikukuta unaipiga msasa ubavuni, palepale ulipopaka rangi Jumamosi. Nikakuuliza, "Majini lini?" Ukajibu, "Bado kidogo." Mwaka mzima sasa ni bado kidogo. Ulipotoka kwenda kununua kopo la nne la rangi, nikamwita jirani yetu mchomeleaji aje na trela lake. Tumeipakia kwa dakika kumi. Ameikagua yote, hakuona kasoro.

Usinune. Najua mlianza kuiunda wawili, wewe na marehemu mdogo wako. Najua pia ikiisha hutakuwa na sababu ya kushinda gereji ukiongea naye. Nakusikia kupitia dirisha la jikoni, ila sijawahi kukuambia. Lakini yule alitaka kuvua samaki, baba watoto. Msasa aliuchukia.

Tunakwenda ziwani, pale penye ngazi za mawe. ~~Kama umekasirika, baki nyumbani.~~ Njoo hata kama umekasirika. Vaa viatu vya kulowa.

Jirani anataka kuishusha majini tukifika tu. Nimemwambia haigusi maji mpaka mwenyewe uwepo. Nitakaa ndani yake, juu ya trela, watu wanicheke, wakichoka waende zao.

Mama watoto