Bamia Ambazo Sikuzipanda

Quartier Swahili,
Rumonge.
Jumanne, 14 Mei 2024

Mpendwa dada yangu Mwanahamisi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, dada? Goti lako je, bado linakusumbua unapoinuka kwenye sijida? Shemeji hajambo? Na yule mjukuu mliyempa jina la marehemu mama, ameshaanza kutembea? Mpulungu ni mbali sana kwa mtu anayetaka kujua mambo madogo madogo. Hakimu, huyu baharia wa meli ya saruji anayekuletea barua, aliniambia umekonda, kisha akasema umenenepa, nikaona heri nikuulize mwenyewe.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillah. Sabrina yuko darasa la sita na anashika vizuri. Nour ameng'oka meno mawili ya mbele, anajiona mzee. Mama mkwe anakohoa kidogo asubuhi. Mimi mwili wangu hauna neno. Leo ni siku ya mia na kumi na nne tangu Hamidou wangu atutoke, zimebaki kumi na sita nimalize eda.

Utajiuliza kwa nini naandika barua kama watu wa zamani. Simu ya nyumba hii anaishika mama mkwe, na kwa vile masikio yake ni mazito anaongea kwa spika, mtaa mzima unafaidi. Ninayotaka kukueleza hayafai spika. Nimechana karatasi kwenye kaye, daftari la shule la Sabrina, naandika haraka haraka nyuma ya pazia la chumba changu, utanisamehe mwandiko.

Dada, nimekwama. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nakueleza yote tangu mwanzo.

Bustani yangu unaijua kwa maneno tu, maana ulipoondoka Rumonge pale palikuwa na matete matupu. Ni hatua mia mbili kutoka mlangoni, ukishuka njia ya wavuvi. Matuta kumi na mawili. Nilikuwa na lenga-lenga, mchicha wetu wa huku, vitunguu, maboga, na zile nyanya chungu za mbegu ya mama, na mipapai miwili na mlimao mmoja kwenye kona. Nilipoanza kulima ulinicheka kwenye simu, ukasema nimeolewa mara mbili, na Hamidou na tope. Ilikuwa kweli. Na Hamidou mwenyewe, fundi cherehani asiyetaka kucha zake ziguse uchafu, kila alfajiri alinibebea maji, arozwari mbili za kumwagilia, huku na huku, kisha ananawa mikono kwa sabuni na kwenda kwenye cherehani yake. Alipokuwa kitandani, siku zile za mwisho, aliniambia nisiogope. Alisema cherehani itagawanywa na ndugu, nyumba ni ya mama yake, lakini matuta yale ni mikono yangu mwenyewe, yatanilea mimi na watoto. Nililala na maneno hayo eda nzima. Ndiyo yaliyonifanya nikubali kula.

Nilipoingia ndani kukaa eda, Mbaraka, mdogo wake Hamidou, aliapa mbele ya watu kwamba bustani haitakauka. Mbaraka ni mbeba magunia bandarini, hajawahi kupanda hata mchicha. Basi ikawa kila jioni anasimama nje ya pazia, mimi niko ndani, namfundisha. Namwambia apunguze majani ya chini kwenye nyanya chungu. Namwambia lenga-lenga haing'olewi, inachumwa ncha tu ili ichipue tena. Anajibu ndiyo shemeji, ndiyo shemeji, kisha anasukuma kapu la mboga chini ya pazia. Nilikuwa nazinusa kabla ya kuzipika, dada. Harufu ya udongo wangu ndiyo matembezi niliyobaki nayo.

Baada ya Idi kapu likaanza kubadilika. Siku moja ilikuja lenga-lenga imeng'olewa na mizizi yake yote, na kwenye mizizi udongo mwekundu, ule wa milimani kule Kizuka penye migazi, michikichi ya mawese. Udongo wangu ni mweusi wa kichanga, una vigamba vya konokono wa ziwani. Nikamuuliza. Akasema, "Shemeji, iko mvua ndiyo ilileta udongo ya mulima." Kesho yake mboga zikaja zimejaa tope jeusi hadi kwenye ncha za majani. Nimelima miaka kumi na moja, sijaona mboga inayoota tope juu.

Nikakumbuka pia mambo mengine. Sauti ya ziwa ilikuwa imesogea. Zamani nilikuwa nalisikia likipiga kwa mbali, sasa nalisikia kama liko uani kwa jirani. Vyura wanalia chini ya dirisha la jikoni, mahali ambapo hapajawahi kuwa na vyura.

Basi shetani akanishika, nikamtega. Nikamuuliza, "Shemeji, zile bamia zangu nyuma ya mpapai zimeshazaa?"

Akasema, "Bamia? Eeh... iko zinazaa, shemeji. Bado kidogo tu."

Dada, sijapanda bamia maisha yangu. Hamidou alikuwa haoni mlenda akabaki mezani. Siku mbili Mbaraka hakuja. Siku ya tatu kapu likapita chini ya pazia, na ndani yake bamia nane, ngumu, zimekomaa hadi zimekuwa miti, zimefungwa kwa uzi wa nailoni wa sokoni, na kila moja imepakwa tope jeusi. Nilicheka. Kisha nikajiziba mdomo kwa mtandio kwa sababu hakikuwa kicheko tena.

Sabrina aliporudi shule nikamwekea zile bamia mapajani, nikamtazama bila kusema kitu. Mtoto akaanza kulia. "Mama, usimwambie Bibi kama nimekuambia. Maji iliingia tangu wiki ya Idi. Baba mudogo anazinunuaka mu soko, halafu anazichovyaka kwanza mu ziwa." Bamia alizifuata hadi Nyanza-Lac, amepanda juu ya lori la mawese, akakosa vibarua vya siku mbili.

Matuta yote kumi na mawili yako chini ya maji. Ua wa matete aliousuka Hamidou unaonekana ncha tu. Mlimao umepukutisha majani. Mpapai mmoja umeanguka, na ule uliobaki wavuvi wanafungia mitumbwi yao. Hilo la mitumbwi ndilo lililonimaliza. Sikuwa nimemlia Hamidou vizuri, nilikuwa najikaza kwa ajili ya watoto. Siku hiyo nilimlilia yeye na mpapai kwa pamoja, nikashindwa kujua machozi yepi ni ya nani.

Kumbe mtaa mzima unajua. Wazee walikaa wakasema mjane aliye ndani asiongezewe msiba juu ya msiba, asubiri atoke. Anastasie, jirani yetu yule mama wa kutoka Fizi, ng'ambo ya ziwa, alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaniambia, "Mama Sabrina, bustani yako iko muzuri kabisa, Mungu iko mukubwa," na nikamsikia sauti inakatika. Mama mkwe naye tukikaa kula ananisogezea sahani na kusema nile jasho langu. Sote tunatafuna mboga za soko na kuisifu bustani iliyo chini ya maji. Sabrina haangalii mtu. Nour tu ndiye anayeomba aongezewe.

Nimewakasirikia, dada, nimewakasirikia sana, na hasira haina mahali pa kukaa. Nimkasirikie nani? Mbaraka, anayebeba magunia mgongoni ili aninunulie uongo? Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu wa kwangu ameirefusha hadi Nyanza-Lac kwa mapenzi. Nikitaka, naweza kutoka nikaangalie. Mke wa imamu aliniambia zamani kwamba mwenye haja ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana. Siyo eda tena inayonizuia. Naogopa kuuona mpapai ule, na naogopa zaidi uso wa Mbaraka akijua kwamba najua.

Kila mtu humu ndani anaihofu tarehe thelathini. Watanisomea dua, watapika, kisha nitatoka, na mtu lazima aniteremshe njia ile ya wavuvi. Itabidi nijifunze kushangaa.

Na baada ya kushangaa je? Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Cherehani imeshagawanywa. Mama mkwe hatanifukuza, namjua, lakini anakula kwa mgongo wa Mbaraka, na Mbaraka ana mke na watoto wanne. Ardhi ya juu ya barabara imejaa migazi ya watu, hakuna anayekupa hata upana wa mkeka. Wanawake wenzangu wa ufukweni, waliokuwa na matuta pembeni ya yangu, wameshaondoka, wengine Kabezi kwa ndugu, wengine sijui. Najua kitu kimoja tu duniani, kulima mboga, na mahali pa kukifanya hapapo.

Kwa hiyo dada yangu, nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu tangu lile gauni la Idi. Una uwanja nyuma ya nyumba, uliwahi kuniambia unaanika dagaa pale. Nikatie matuta mawili. Mawili tu, nije na watoto. Sitaki kuja kukaa kochini kama mgeni. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mimi usiningoje siku ya tatu, nipe siku hiyo hiyo nikishatua mzigo.

Ndani ya kitambaa hiki alichoshika Hakimu kuna mbegu za nyanya chungu za mama. Nilizikausha Desemba, Hamidou akiwa mzima, ndizo pekee zilizokuwa ndani ya nyumba na si ardhini. Nimezichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Usizipande zote. Nyunyiza nusu sasa, zifunike kwa udongo mwembamba, mwagilia asubuhi na jioni, zitatoka baada ya wiki moja na kidogo. Najua wewe na udongo hampatani, lakini jikaze. Nusu nyingine weka pakavu, juu, panya wasizione.

Sasa naja kwenye lile hasa linalonitia hofu. Nilimuuliza Hakimu kama ziwa limepanda na huko kwenu. Akasema, "Kidogo." Dada, hapa Rumonge kila kitu ni kidogo. Bado kidogo, maji kidogo, vumilia kidogo. Ziwa ni hili hili moja, haliwezi kuninyang'anya mimi, kisha wewe likuheshimu. Meli inaondoka keshokutwa, na Hakimu anasema watarudi kabla ya tarehe ishirini na tisa, Mungu akipenda. Niandikie. Kama uwanja wako umeingia maji, niandikie umeingia maji. Kama mnalala juu ya matofali, niandikie hivyo hivyo. Kama shemeji hataki watu watatu zaidi nyumbani kwake, liseme, nitalia siku moja kisha nitatafuta pengine. Ila usiniambie kila kitu ni kizuri. Vizuri nimeshalishwa vya kutosha.

Nimekatizwa hapa. Mbaraka alikuja na kapu. Leo ni maboga mawili, yana tope jeusi, na safari hii amekumbuka kuacha vikonyo. Akauliza nje ya pazia kama kuna kazi yoyote ya kesho bustanini. Nikamwambia apalilie tuta la saba, na auangalie mpapai, nimesikia upepo mkali. Akasema, "Ndiyo shemeji, iko umesimama." Nikamwambia Mungu amlipe. Nilikuwa namaanisha, dada.

Nisalimie shemeji, mjukuu, na wote wanaoniulizia. Mama mkwe angekusalimu kama angejua naandika. Sabrina anakuamkia, Nour anakuonyesha mapengo. Mwenyezi Mungu akupe afya ya goti na mwili wote, akuwekee nyumba yako pakavu, na atukutanishe juu ya ardhi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, nisiyekuficha kitu, nawe usinifiche,

Saidati