Mate ya Mama Yangu Hayakuwa na Kosa

Papa Gisèle,

Neno "mpendwa" nimelitafuta, halikuja. Nakuandikia hivyo hivyo.

Unakumbuka Burungu, tulipokuwa wachumba, ukinimenyea muwa na kuniambia utatibu meno ya dunia nzima? Nilikuamini. Tulipohamia Ntoto ukafungua kabine yako ya meno, kiti cha kinyozi na koti jeupe, nami nikilifua koti lile kwa fahari.

Kisha mama yangu akaja na jino lenye tundu. Ukachokoa kidogo, ukaweka plombage, ile dawa ya kuziba tundu, huku mdomo umejaa mate. Haikumaliza juma, ikaanguka. Mama akakuuliza kwa upole, "Papa Gisèle, juu ya nini imetoka?"

Ukamjibu mbele ya wagonjwa wengine, "Mate yako njo iko mubaya, mama."

Akainamisha kichwa. Ukaziba tena, juu ya uozo, juu ya mate yale yale. Taya likavimba hata kumeza akashindwa. Vijana wa kanisa walipombeba kwa kipoyi, machela ya miti, kwenda barabarani, wewe ulikuwa umekwisha kupanda moto, pikipiki ya abiria, kwenda Omate, kwa wachimbaji wasiokujua.

Hospitalini Walikale, dentiste mmoja, daktari wa meno aliyesomea, mwanamke mpole, alimng'oa jino na kumwokoa. Mama alipoweza kusema, aliomba kwanza msamaha kwa ajili ya mate yake! Yule mwanamke akamshika mkono.

"Mama, mate ya kila muntu iko vile. Iko na protini. Inakamata ku jino mara moja, inafanya kangozi kembamba kenye kulinda. Inakamata hata ku plombage, na mikrobe inashikamana pale juu. Njo maana tunakausha jino mbele ya kuziba. Mate ikiingia, plombage haishike."

Kukausha tu. Kipande cha pamba. Ukaona kumtukana mama mzima ni kazi nyepesi zaidi.

Sasa mama anatafunia upande mmoja, na ameanza tena kucheka mbele za watu. Juzi dereva wa moto aliniletea habari zako. Jino lilikushika huko Omate. Hukumwamini yeyote wa kazi yako. Ukamlipa yeye akupeleke Walikale, kwa dentiste yule yule. Dereva alikuwa amesimama mlangoni ulipofungua mdomo ukauliza, "Dokta, umekausha muzuri?"

Kumbe ulijua. Miaka yote hii nilidhani niliolewa na mjinga, na mjinga ningemhurumia.

Usinijibu.

Mama wa mutoto wako