Mkweme wa Mzee Felisian

Nachingwea,
12 Julai 2025.

Kaka yangu mpendwa Huzaifa,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mwanza, wewe na wifi Sabaha, na kifua cha mwanetu Sikuzani kiwe kimepoa. Mama anauliza kama bado mnamlaza karibu na dirisha. Sisi hatujambo. Mama yuko bado ndani kwenye eda, anakula kidogo kidogo, na siku hizi analala. Asubuhi kuna baridi, umande unadondoka kama mvua.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini kwenye simu, kila nikimtaja jirani yetu Mzee Felisian wewe unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao, kaka. Nisome mpaka mwisho.

Una haki, na hilo silipingi. Mkweme wake ulitambaa ukavuka bikoni ya mpaka, ukapanda mkorosho wa Baba mpaka kileleni. Ulipokuja kwenye arobaini ya Baba, mti ulikuwa umefunikwa kama mtu aliyejitanda blanketi. Ulimwomba kwa adabu aukate, naye akakujibu mbele ya watu, "Mwambie Mmwera mwenyewe aje aukate. Au uvivu wake kaenda nao hadi kaburini?" Niliona uso wako. Mimi pia niliumia. Ulipoondoka na kutuma tofali za ukuta wa mpakani, sikukulaumu.

Tofali zilipofika, Mama aliniuliza ni za nini. Nikamweleza, na yale maneno nikayarudia kwa uchungu, neno kwa neno. Kaka, Mama alicheka. Tangu Baba afariki sikuwa nimesikia sauti ile. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akaniambia, "Ninyi mmesoma mpaka mmesahau huyu mtu ni Mngoni."

Wewe ulilelewa Mwanza kwa mama mkubwa, na siku ya mazishi ulikuwa bado njiani. Hukuona. Mzee Felisian alijilaza barabarani mbele ya jeneza, na ile suruali yake ya ibada, akasema Mmwera huyu hapiti mpaka arudishe jembe aliloazima mwaka alipokuja hapa kuwa bwana shamba. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Ndivyo Mngoni, mtani wa Mmwera, anavyozika. Angekuja kutupa pole kwa sauti ya chini kama wengine, Mama anasema, ndipo tungejua kwamba hatupendi.

Nikauliza sasa kwa nini mkweme ameuacha. Mama akanitazama kana kwamba mimi ni mtoto. Kila mwaka mvua zikiisha, Baba na Mzee Felisian waliukata pamoja, Baba upande wetu akiwa juu ya ngazi, mkorosho upate hewa kabla ya maua. Kisha waligawana mbegu za kweme huku Baba akimwimbia, "Mngoni kapanda, Mmwera anakula." Mwaka huu Baba hayupo, na humu ndani kuna mwanamke aliye kwenye eda. Mzee Felisian ni mwanamume asiye ndugu. Angeingia vipi uani kwetu na panga? Alikuwa anangoja mwanamume wa nyumba hii amkaribishe. Na kusema hivyo wazi kwa mtoto wa mtani wake, kwa unyenyekevu, hawezi. Ulimi wake haukuzoea kusema nasi hivyo.

Nimewaza jambo hili siku nyingi. Nilidhani heshima ina sauti moja, ile ya upole niliyofundishwa shuleni. Kumbe mtu anaweza kukaa upande wake wa mpaka, akaangalia mmea wake unaharibu mti wa rafiki yake, akaumia, asivuke, na hiyo ndiyo ikawa heshima yake. Sisi tukaiita dharau.

Basi nilimwita baba mdogo Masoudi. Akaja Jumapili kutoka Chiola, akasimama barabarani akaita, "We Mngoni! Njoo umtoe nyoka wako, ananyonga mti wetu!" Mzee Felisian alitoka na panga tayari mkononi. "Mmekawia," akasema. "Nilidhani ukoo wenu umeishiwa wanaume."

Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Mzee Felisian alipokuwa juu ya ngazi alipaza sauti kuelekea dirishani kwa Mama, "Mama Huzaifa, ukitoka eda nakurithi wewe na mkorosho!"

Mama akajibu kutoka ndani, "Kwa meno hayo mawili?"

Mkewe, Bi Dionisia, akaitikia kutoka kwao, "Mama Huzaifa, mchukue leo leo, nakuongezea na kuku!" Baba mdogo akawa anasema astaghfirullah na kucheka kwa pamoja.

Mkweme haukukatwa shina. Waliondoa kamba zote zilizokuwa zimebana mkorosho, wakaacha kamba moja tu kwenye tawi la chini. Nusu ya mti mwaka huu haitatoa maua, sitakuficha. Nusu nyingine imeanza.

Fundi Idd nimemwambia asichimbe msingi mpaka useme. Nakusihi usiseme achimbe. Ukuta ule utasimama kati ya Mama na sauti pekee inayomchekesha. Kama utaniruhusu, zile tofali zijenge bafu lake, kwani makuti ya lile la sasa yamechakaa.

Najua moyo wako. Ukimaliza kusoma utataka kumpigia Mzee Felisian umwombe radhi. Usithubutu. Ukimwomba radhi utakuwa umemfanya mtu baki, na hilo halitamtoka moyoni. Mpigie umtukane. Kama huna la kusema, anza na upara wake.

Nisalimie wifi, mama mkubwa Hajra, na watoto wote. Baba mdogo anakusalimu. Mama anakuombea riziki ya halali na ulimi mwepesi. Mungu akulinde.

Mdogo wako akupendaye hata ukinuna,
Mwanahawa.